Kutunga onyesho la kuteleza linalobeba ujumbe: kutoka barafu ya Sendai hadi saruji ya Kampala

Mashindano ya kuteleza kwenye barafu yakiisha, washindi hurudi uwanjani siku ya mwisho kwa ajili ya watazamaji tu. Majaji wameshaondoka mezani, taa zimepunguzwa, hakuna mruko wa lazima wala alama za kukatwa. Hapo mtelezaji hufanya kile alichokitaka mwenyewe. Mara nyingi onyesho hilo ndilo hubaki vichwani mwa watu, wakati nafasi aliyoshika kwenye mashindano imeshasahaulika.

Mwongozo huu ni wa wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu nchini Uganda: kwenye viwanja vya mpira wa kikapu, kumbi za shule na maegesho ya magari siku ya Jumapili. Tutaanza na barafu kwa kuwa mifano mizuri iko huko, kisha tushuke kwenye saruji.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo, maana mengine yote yanalitegemea. Hisia ya onyesho haikai usoni mwa mtelezaji. Inakaa kwenye ishara moja iliyochaguliwa, ikawekwa mahali pake, ikarudiwa, na kila kinachoshindana nayo kikaondolewa. Wengi hufanya kinyume: hukunja uso, hushika kifua, huanguka magoti, halafu hushangaa kwa nini watu wanaangalia simu zao.

Soma kazi moja mpaka mifupa yake ionekane

Chukua "Notte Stellata" ya Yuzuru Hanyu wa Japani. Jina ni la Kiitaliano, yaani usiku wenye nyota. Muziki ni ule wa batamaji wa mtunzi Mfaransa Saint-Saëns, uliotungwa mwaka 1886, safari hii ukiwa umetiwa maneno na kuimbwa na Il Volo, kundi la waimbaji wa Italia. Kocha Mrusi Tatiana Tarasova ndiye aliyempa Hanyu muziki huo mwaka 2016, na David Wilson wa Kanada akatunga miondoko.

Hanyu alizaliwa Sendai mwaka 1994. Tarehe 11 Machi 2011, akiwa na miaka 16, alikuwa mazoezini tetemeko kubwa lilipotikisa kaskazini-mashariki mwa Japani. Alitoka nje ya jengo akiwa bado na viatu vya barafu miguuni, na uwanja wake ukafungwa. Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, na katika giza lile nyota zikaonekana kwa wingi. Mtu wa Kampala hahitaji kuelezwa sana hapa: umeme ukikatika mtaa mzima ndipo unapokumbuka kwamba mbinguni kuna kitu.

Sasa tazama onyesho lenyewe. Hakuna tetemeko ndani yake. Hakuna kutetemeka, hakuna kuanguka, hakuna anayekimbia. Kuna mavazi meupe, mikono iliyofunguka kama mbawa, mteremko mrefu, yaani kuteleza bila kusukuma, mgongo ukiwa umepinda nyuma, na ukimya mwingi kati ya jambo moja na jingine. Anayejua habari ya 2011 anaona usiku ule. Asiyejua anaona ndege juu ya maji. Wote wawili wanaondoka na kitu, na hakuna aliyelazimishwa. Tangu Machi 2023 Hanyu amefanya maonyesho yenye jina hilohilo mkoani Miyagi, ulipo mji wa Sendai, katika ukumbi ambao mwaka 2011 uliwahifadhi waliokufa. Mahali tu pameongeza uzito, bila kubadilisha hata mkono mmoja.

Ili ujifunze kitu, usilitazame mara moja na kusema ni zuri. Litazame mara tatu. Mara ya kwanza na sauti. Mara ya pili zima sauti, na kila mtelezaji anaposimama au kupunguza kasi, andika dakika na sekunde. Mara ya tatu fumba macho usikilize muziki peke yake, kisha linganisha: ni wapi muziki ulipanda na mwili ukakataa kupanda nao? Sehemu hizo za kukataa ndizo zinazouma moyo. Mtunzi mchanga huinua mikono kila sauti inapopanda. Mzoefu huinua mara moja, na huichagua.

Mifano mingine miwili, kwa ufupi. Ekaterina Gordeeva wa Urusi alikuwa akiteleza na mumewe Sergei Grinkov, aliyefariki ghafla Novemba 1995. Februari 1996 aliteleza peke yake kwa heshima yake, kwa muziki wa Mahler. Mwanamke ambaye dunia ilizoea kumwona ameshikwa mkono, sasa mkono hauna wa kuushika. Hilo tayari ni ujumbe mzima, na kazi ya mtunzi ilikuwa kutoliharibu.

Wa pili ni Torvill na Dean wa Uingereza, Sarajevo 1984. Hao walikuwa kwenye mashindano, si maonyesho, lakini somo linafaa. Muziki wao haukukatika chini ya dakika 4 na sekunde 28, na sheria iliruhusu dakika 4 na sekunde 10. Kwa kuwa saa ilianza kuhesabu pale chuma cha kiatu kinapoanza kuteleza, walianza wakiwa wamepiga magoti, wakiyumba bila kugusa barafu kwa viatu. Watu waliona mapenzi. Chanzo kilikuwa sekunde 18 za ziada. Shida ya uwanja wako inaweza kukufanyia kazi hivyohivyo, kama tutakavyoona.

Sentensi moja, anayeambiwa mmoja

Kabla ya muziki, kabla ya mavazi, andika sentensi moja yenye mtu anayesema, mtu anayeambiwa, na jambo. "Onyesho kuhusu upendo na matumaini" halifai, kwa sababu halina wa kuambiwa. "Namwambia jaja (bibi) kwamba mlango sijaufunga" inafaa. "Nawashukuru walionibeba nilipovunjika mguu" inafaa. "Namuaga mwenzangu bila kumlaumu" inafaa pia, tena ina ugumu ndani yake, na ugumu huo utakupa miondoko.

Jaribio ni hili: je, sentensi yako inaweza kufanywa kwa mkono mmoja? Mlango unafunguliwa. Mzigo unapokelewa. Mkono unaachia. Kama huoni mkono, iandike upya. Usiendelee mbele kwa kudhani muziki utakuokoa.

Sentensi hiyo usimwonyeshe mtu zaidi ya mwalimu wako na atakayekushikia taa. Watazamaji hawaihitaji.

Ishara, na namna watu wa hapa wanavyoisoma

Hapa ndipo kunakili barafu ya ng'ambo hufanya madhara makubwa. Mtelezaji wa Ulaya akipiga magoti, watu wake husoma kushindwa au kuomba. Piga magoti mbele ya hadhira ya Buganda, hasa kama wewe ni msichana, na wazee watasoma salamu. Umemsalimu nani? Watageuza shingo kumtafuta. Kama salamu ndiyo uliyoikusudia, una silaha nzuri ambayo mtelezaji wa Sendai hana. Kama hukuikusudia, tafuta kingine.

Mikono juu ya kichwa ni hatari zaidi. Kwetu ni kilio cha msiba, na hakuna atakayeiona kama mtindo tu. Itumie pale tu mtu amekufa ndani ya sentensi yako, na itumie mara moja. Kufunika uso kwa viganja kunasomeka kama aibu mapema kuliko huzuni. Kunyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, ni kupokea au kupokewa mzigo, nayo inaeleweka toka Arua mpaka Kabale.

Ukishachagua ishara, ifanye mara tatu na si zaidi:

Mara ya kwanza ndani ya sekunde 20 za mwanzo, polepole na kamili, ili jicho liijue. Mara ya pili katikati, ikikatizwa kabla haijafika mwisho. Mkono unaanza kufungua mlango, kisha mwili unageuka kabla haujamaliza. Mara ya tatu karibu na mwisho, ikikamilika, lakini kwa badiliko moja tu: mkono mwingine, au upande mwingine wa uwanja, au ukiwa umesimama pale ulipokuwa ukienda kasi.

Ile ya pili ndiyo inayobeba onyesho zima, na ndiyo watelezaji wengi hawaifanyi kwa sababu mazoezini inaonekana kama kosa. Iache ionekane kama kosa. Watazamaji watajisikia wamenyimwa kitu bila kujua ni nini, na watakingoja.

Kuhusu ukubwa: ishara itoke begani, isitoke kwenye kifundo cha mkono. Mtu aliyekaa mbali upande wa pili wa uwanja haoni vidole vyako, anaona pembe ya mkono na mwelekeo wa kifua. Jipige picha ya video kwa simu ukiwa umeiweka kwenye kiti cha nyuma kabisa. Kama ishara haionekani kwenye kioo kidogo cha simu, haipo.

Macho yapewe mahali. Chagua kitu kimoja halisi kilicho juu kidogo ya vichwa vya watu, kama nguzo ya goli au kona ya paa, na huyo ndiye anayeambiwa. Kila unapomtazama, tazama hapohapo. Kuhusu uso, uache upumzike. Anayejitahidi kuonyesha huzuni huonekana kama anaumwa jino.

Kuipunguza barafu iingie uwanja wa kikapu

Uwanja wa barafu wa kimataifa una mita 60 kwa 30. Uwanja wa mpira wa kikapu una mita 28 kwa 15. Kwa eneo, una chini ya robo ya nafasi ya Hanyu, na sakafu yako inakula kasi. Kwenye barafu msukumo mmoja unabeba sentensi nzima ya muziki. Kwenye saruji msukumo huohuo unakufa katikati ya neno. Ukinakili mchoro wa barafu, yaani njia anayopita mtelezaji uwanjani, utajikuta unasukuma-sukuma kila mara, na kusukuma kunaonekana kama kazi ya mguu, hisia inapotea.

Pima kwanza. Simama kwenye mstari wa mwisho, sukuma mara tatu kwa nguvu yako ya kawaida, kisha teleza kwa mguu mmoja bila kuongeza kitu. Mwenzako aweke alama ya chaki pale kasi inapoanza kuonekana imechoka, kabla hujasimama kabisa. Rudia mara tano, kila mguu, na uchukue alama fupi kuliko zote. Theluthi mbili za umbali huo ndizo urefu wa mstari wako mrefu kuliko yote. Usitunge mteremko unaozidi hapo, hata kama siku moja ulifika mbali. Siku hiyo upepo ulikusaidia.

Kisha ficha misukumo. Sehemu nzuri za kuificha ni tatu: ndani ya kona, ambako miguu inayopishana inaonekana kama sehemu ya mchoro; nyuma ya mgeuko wa mwili, wakati jicho linafuata mabega; na wakati ngoma inapopiga kwa nguvu, kwa sababu hapo hata watazamaji wanatikisa miguu. Katika mteremko wa ishara usisukume hata kidogo. Kama kasi haitoshi, anza mapema, usiongeze.

Mchoro wenyewe uwe rahisi. Tumia nusu moja ya uwanja kwa sehemu kubwa ya onyesho, na nusu ya pili uitunze mpaka ile ishara ya tatu. Nafasi ambayo haijaguswa kwa dakika mbili ina nguvu sana siku mtu anapoingia humo. Hili kwenye barafu ni gumu kwa sababu uwanja ni mkubwa mno. Hapa uwanja mdogo unakusaidia, kama zile sekunde 18 za Torvill na Dean.

Mruko? Mmoja unatosha. Axel ya mzunguko mmoja na nusu, ile ya kuruka ukitazama mbele, ukichelewesha kuzunguka ili mwili ukae hewani kwanza kama umesahaulika, inasema mengi kuliko miruko mitatu ya haraka. Lakini ifanye tu kama unatua mara tisa kati ya kumi kwenye saruji hiyohiyo. Kujizungusha kuwe mara tatu hadi tano, kisha utoke taratibu. Kwenye magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja, viatu vingi vinasita kuzunguka kwa sababu magurudumu yote yanagusa chini. Wanaoweza hubadilisha: mawili ya katikati ya milimita 80, ya mbele na ya nyuma ya milimita 76, ili kiatu kikae kama mtumbwi. Kinazunguka vizuri, lakini kwenye kasi kinayumba, basi mpe mguu wiki mbili kukizoea kabla ya onyesho, si siku mbili.

Muziki, na ngurumo ya magurudumu

Dakika mbili na nusu hadi tatu. Zaidi ya hapo pumzi inakwisha, na mtu anayehema hawezi kutuliza mabega.

Wengi huchukua piano ya polepole kwa sababu ndiyo waliyoisikia kwenye barafu. Kwenye saruji mbaya magurudumu yananguruma, na piano laini inazama humo. Chagua sauti yenye mwili wa katikati: adungu (kinubi cha kaskazini-magharibi mwa Uganda), sauti ya mwanamume au mwanamke isiyo na vyombo vingi, filimbi ya endere ikiwa na ngoma chini yake. Au fanya ujanja: katiza muziki kabisa kwa sekunde nne hadi sita, ubaki mlio wa magurudumu peke yake. Barafu inakwaruza, haingurumi hivi. Mlio unaosogea karibu gizani, kisha ukafifia, ni chombo cha muziki ambacho ni chetu. Uweke kwenye ile ishara iliyokatizwa.

Jihadhari na nyimbo za kanisani zinazoimbwa kwenye matanga. Zinaleta machozi haraka, lakini machozi hayo ni ya msiba wa kila mtu aliyeketi pale, hayahusiani na sentensi yako, na baadhi ya watu wataanza kuimba. Wimbo unaovuma redioni una tatizo jingine: watu wana kumbukumbu zao nao, nyingi za harusini.

Hesabu mapigo. Kwa mwendo wa mapigo 66 kwa dakika, hesabu ya nane huchukua sekunde 7 na kidogo. Linganisha na umbali wako wa chaki: je, mteremko wako unafika sekunde 7? Kama unakufa kwenye sekunde ya 6, tafuta wimbo wa mapigo 80 hadi 90, au gawa mstari katika hesabu za nne.

Ukikata wimbo, kata mwimbaji anapovuta pumzi, kamwe si katikati ya neno. Weka sekunde tano za ukimya mwanzoni, ili MC amalize na wewe ukae sawa, na mwisho ufifie kwa sekunde mbili au tatu. Beba faili kwenye fleshi mbili na kwenye simu, na simu hiyo iwekwe hali ya ndegeni. Onyesho limekufa mara nyingi kwa sababu mtu alipiga simu kuuliza kama mmeshaanza.

Kutumia muziki wa mtu hadharani kuna sheria, ile ya hakimiliki ya mwaka 2006. Mwenye ukumbi au mwandaaji anapaswa kuwa amelimaliza na UPRS, chama kinachosimamia haki za wanamuziki Uganda. Muulize kabla, si mlangoni. Kama msanii yuko karibu, mwombe moja kwa moja. Wengi hufurahi, na wengine watakupa toleo lisilo na ngoma za nyuma, ambalo ni bora kwako.

Mavazi

Rangi nyeupe ya batamaji haimaanishi kitu kilekile hapa. Kanzu nyeupe ni ya sherehe, ni ya kwanjula, siku bwana harusi anapotambulishwa kwa wakwe. Ukitaka kusema msiba au urithi kwa Waganda, hakuna kitambaa kinachozungumza kama lubugo, ile nguo ya gome la mutuba yenye rangi ya udongo mwekundu. Hufungia wafu, na pia huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Uzito huo haukodishwi kwa mapambo: kama sentensi yako haina marehemu wala ukoo ndani yake, iache dukani. Na kama ina, uliza kwanza mzee wa ukoo wako. Ni dakika kumi za maongezi na hukuepusha na lawama za miaka.

Kiufundi, lubugo hainyumbuliki kama kitambaa cha kusokotwa, na haipendi maji. Usijaribu kushona suruali yake. Tumia ukanda wa sentimita 15 hadi 20 kwa upana, juu ya bega mpaka kiunoni, ukishonewa juu ya pamba ili pamba ndiyo ivutwe na lubugo ipumzike. Chini ya kwapa usiweke, jasho.

Kwa vazi lolote, pindo likae juu ya kifundo cha mguu kwa kiganja kimoja angalau. Kitambaa kikiingia kati ya gurudumu na fremu, gurudumu husimama papo hapo na wewe unaendelea. Gomesi, gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, ni nzuri kuitazama, lakini ncha za mkanda wake zinaning'inia, zishonee chini. Chini ya vazi vaa kinga za magoti nyembamba, hasa kama kuna magoti yoyote kwenye mchoro wako.

Mwanga bila taa za ukumbi mkubwa

Kampala jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, karibu mwaka mzima, na giza huingia upesi, kama dakika ishirini. Ukianza dakika kumi baada ya jua kuzama, mbingu yenyewe itapunguza taa wakati unateleza. Hakuna fundi wa umeme anayefanya hivyo kwa bei hiyo. Jaribu jioni mbili kabla, saa ileile, ujue ni lini mistari ya sakafu inaacha kuonekana.

Ndani ya ukumbi, taa mbili zinatosha: moja mbele kushoto, moja nyuma kulia, zote juu zaidi ya kichwa chako ukiwa umesimama na viatu. Taa iliyo usawa wa macho inakupofusha kila unapogeuka, na hiyo ndiyo sababu taa za boda boda hazifai hata kama rafiki zako wamejitolea. Jenereta iwekwe upande upepo unakoelekea, mbali kadiri waya unavyoruhusu, na waya wa taa usivuke sakafu yako hata ukiwa umebandikwa gundi.

Yanayoharibu siku yenyewe

Pesa. Watu wakiguswa watataka kukutuza, na watakuja katikati ya uwanja na noti mkononi. Noti iliyolala kwenye sakafu laini ni utelezi wa pili ambao hukuutunga. Weka beseni pembeni, kamba kuzunguka uwanja, na MC aseme mapema: "Tutamtuza mwanetu akimaliza, beseni liko hapa." Usiwakataze kutuza, wape mahali.

Vigelegele. Vitakuja kwenye ukimya wako, ndani ya zile sekunde sita. Huwezi kuvizuia, na si vibaya. Lakini tunga ukimya kwa namna ambayo ukijazwa bado mkono wako unaonekana. Usingoje vinyamaze, fuata hesabu yako.

Vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabarani. Likiingia kwenye beringi, kiatu hulia, na mlio huo kwenye sehemu tulivu unasikika kuliko muziki. Siku moja kabla, toa beringi, zifute, tone moja la mafuta ya cherehani kila moja, zizungushe, futa yaliyozidi. Mafuta ya kupikia hapana, yanakamata vumbi. Fagia sakafu mara mbili, ya pili kwa ufagio mbichi wenye unyevu kidogo, kisha subiri ikauke.

Mvua. Saruji yenye maji haitelezeki kwa usalama, na rangi ya mistari ndiyo inayoteleza zaidi. Uwe na toleo la sakafu ndogo, hata mita sita kwa sita chini ya baraza: ishara tatu, hakuna mruko, muziki uleule. Watelezaji wanaojua sentensi yao hulipata toleo hilo kwa saa moja ya mazoezi. Wanaotegemea miruko hawana la kufanya.

MC. Mpe karatasi yenye mstari mmoja: jina lako na onyesho limetolewa kwa nani. Basi. Asieleze kwamba ukinyoosha mkono ni mlango. Ukiwaambia watu watakachokiona, watakaa wakikikagua kama orodha ya harusi.

Na machozi. Mtelezaji akilia kweli, kifua hukaza, pumzi inapanda, magoti yanakuwa magumu, na mguu mgumu kwenye saruji huanguka. Lia mazoezini, wiki ya pili au ya tatu, umalize. Kama siku yenyewe yanakuja, inama kidogo magotini na utoe pumzi yote kwa mdomo kabla ya mgeuko unaofuata. Ni vigumu kifua kubaki kimekaza unapotoa pumzi yote.

Wiki sita

Wiki ya kwanza: sentensi, muziki, alama za chaki. Hakuna kuteleza kwa muziki bado. Ya pili na ya tatu: ishara tatu tu, kila moja mahali pake, na katikati yake tembea kwa miguu bila viatu. Ukitembea utajua mapema kama mchoro una maana, kabla kasi haijakudanganya. Ya nne: viatu, sehemu kwa sehemu, mazoezi matatu kwa wiki, ya saa moja na nusu. Ya tano: onyesho zima mara mbili kila zoezi, zaidi ya hapo ni kuchoka tu. Ya sita: mara moja kwa siku, na vazi, saa ileile ya jioni, na mtu mmoja asiyejua habari yako akiwa ameketi nyuma.

Mtu huyo akimaliza kutazama, usimuulize kama ameelewa. Muulize anakumbuka nini. Akitaja ishara, acha kila kitu kilivyo. Akitaja mruko au vazi, kuna kitu kinachoshindana na ishara, kitoe. Mara nyingi ni mikono ya ziada dakika ya pili.

Kumaliza, na kulirudia

Mkao wa mwisho ushikilie kwa pumzi nne baada ya muziki kuisha. Pumzi mbili ni fupi. Watu hawajajua kwamba umekwisha. Kisha shusha mkono kwanza, halafu kichwa, halafu teleza kwenda kando kwa msukumo mmoja bila kupunga. Salamu kwa wazee na beseni vinafuata baadaye, ukiwa umeshavua uso ule.

Onyesho halipendwi siku ya kwanza. Hanyu ameirudia "Notte Stellata" miaka na miaka, na kila mahali alipoipeleka pameacha alama juu yake. Lako pia lirudie, Jinja, Mbale, shuleni kwenu. Weka daftari: tarehe, sakafu, umbali wa chaki wa siku hiyo, nini watu walikumbuka. Ishara tatu usiziguse. Vingine vyote vibadilishe kadiri sakafu inavyodai, na kila baada ya maonyesho matatu toa kitu kimoja ambacho umeanza kukifanya kwa sababu kilipigiwa makofi.